Saa kumi alfajiri: kisa cha shangazi na mikono yake

Naandika haya, kisa cha ugonjwa wa viungo unaoitwa rumatoidi athraitisi, kwa ruhusa ya mwenyewe, shangazi yangu, jana nimemsomea nusu akaniambia pale kwenye pete ongeza, watu waelewe. Basi nitaanza na pete.

Ilikua 2019 baada ya masika. Pete yake ya ndoa ikawa haitoki. Mwanzo alidhani kanenepa, akajaribu sabuni, akajaribu mafuta ya nazi, akafunga uzi kwenye kidole kama wanavyofanya watu, haitoki, na kidole kinazidi kujaa asubuhi alafu mchana kinapungua kidogo. Mwisho akaenda kwa sonara akaikata. Yule mzee anakata huku anamwomba radhi, samahani mama, samahani mama, maana kukishika tu kile kidole machozi yalikua yanamtoka. Pete iko kwenye kikopo cha iliki kabatini mpaka leo, imepasuka upande mmoja. Kidole cha upande wa pili, mkono wa kulia, nacho kilikua kimevimba vilevile ila hakina pete kwahiyo hakuna aliyekiangalia. Hili la mikono miwili kuvimba sawasawa ndo lilikua jibu tangu siku ya kwanza, lakini tulikuja kuambiwa hivyo baada ya miaka karibu mitatu.

Shangazi anakaa Ngamiani, Tanga, anauza maandazi na chapati za asubuhi, zaidi ya miaka 15 sasa. Ratiba yake ilikua hivi: saa tisa na nusu usiku anaamka, saa kumi anakanda, kilo 5 za ngano kwenye beseni, saa kumi na moja na nusu mafuta yako jikoni, saa kumi na mbili wateja wa kwanza wamefika, watu wa bajaji na watoto wa shule, saa tatu kamaliza anaosha vyombo. Nimeiweka ratiba hii mwanzoni makusudi, sababu kila alikoenda kutibiwa waliangalia vidole, ratiba hakuna aliyeiuliza, na ugonjwa wenyewe una ratiba yake na hizo ratiba mbili ziligongana saa kumi alfajiri kila siku ya Mungu.

Alichokua anakisikia kwa maneno yake mwenyewe: "Naamka mikono si yangu." Vidole havikunji. Anashika kibiriti njiti inaanguka. Anatia mikono kwenye unga haiwezi kusukuma, akawa anakandia viwiko, anainama juu ya beseni anasukuma kwa viwiko na uzito wa kifua, mi nimemkuta hivyo siku moja nimelala kwake nikaamka na njaa, nikadhani anasujudu. Aliponiona akajinyoosha haraka akajifanya anatafuta chumvi. Ikifika saa nne hivi mikono inalegea, mchana anaweza kabisa kushona kifungo, na hapo ndo watu wakawa wanasema mbona mchana mzima, huyu anajidekeza.

Sasa tuje kwenye jina. Kwetu wakasema baridi yabisi. Jina lenyewe likaanza kumtibu vibaya, yani hebu lisikilize, baridi, alafu yabisi ambayo ni ukavu, ugumu. Ukishaliita hivyo kila mtu anajua dawa ni joto, basi akaambiwa asishike maji ya baridi, avae soksi, asikae sakafuni, asile ndizi mbivu usiku, ajipake mafuta ya karafuu na tangawizi. Mafuta yanapasha, yanatuliza kidogo, sina ugomvi nayo, mpaka leo anajipaka. Lakini Tanga hii! Mtu analala na feni usiku kucha jasho linamtiririka, baridi gani iliyomwingia kwenye vifundo? Hakuna aliyeuliza. Na jina hilohilo moja ndo tunampa bibi wa jirani ambaye magoti yanamuuma akipanda ngazi, tunampa babu aliyevimba kidole gumba cha mguu usiku mmoja baada ya harusi, tunampa na shangazi. Magonjwa matatu tofauti, dawa tatu tofauti, jina moja.

Niyaeleze kama nilivyokuja kuelezwa. Ya bibi wa jirani ni ya gegedu kuchakaa, ile tishu laini inayokaa kati ya mfupa na mfupa, inalika kidogokidogo kwa umri, uzito na kazi. Hiyo inauma ukitumia kiungo, ukipumzika inatulia, na asubuhi kukakamaa kupo ila kwa kawaida hakufiki nusu saa. Ya babu ni jongo, wengine wanaita gauti, asidi inayoitwa uriki inajikusanya inaganda kama chembechembe kwenye kiungo, inakuja ghafla usiku, kiungo kimoja mara nyingi, kinakua chekundu cha moto hata shuka lisiguse. Ya shangazi, hiyo rumatoidi athraitisi, ni kinga ya mwili wenyewe kukosea adui. Askari wanaotakiwa kupigana na vijidudu wanageuka wanashambulia utando wa ndani ya viungo, utando unavimba unajaa maji, na ukiachwa unaanza kula mfupa. Wanawake wanaupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Unapenda vifundo vile vinavyotokeza ukikunja ngumi, na vya katikati ya vidole, na vifundo vya mikono pale unapofunga saa, kushoto na kulia pamoja. Vile vya mwisho karibu na kucha huwa unaviacha. Na uvimbe wake ukiubonyeza ni laini, sio mgumu kama mfupa, shangazi mwenyewe anasema kama donge lililoumuka.

Miaka mitatu kabla ya kujua hayo alipitia vitu vitatu na kila kimoja kiliacha alama.

Cha kwanza dikilofenaki. Duka la dawa la karibu wanamjua, anamtuma mtoto na hela wanafungasha. Alimeza asubuhi na jioni, siku za shughuli mara tatu, tumbo tupu sababu saa kumi alfajiri nani ana hamu ya kula. Nafuu ilikuwepo kweli, dawa ile inapunguza uvimbe na maumivu, ila haizuii kinachokula mfupa, inamfunika tu mtu macho. Mwaka wa pili akaanza kupata choo cheusi kama lami, kizunguzungu, akaanguka mbele ya wateja. Kidonda cha tumbo, vidonge vile ndo vilileta, damu imeshuka sana, akawekewa chupa mbili. Alipotoka akala matembele na maini mwezi mzima damu ikapanda kidogo tu ikasimama hapo, na tukamlaumu eti hali vizuri. Kumbe ugonjwa wenyewe wa viungo nao unazuia mwili kutengeneza damu hata ukila nini. Nikikumbuka tulivyokua tunamsimamia na sahani naona aibu.

Cha pili alipimwa sehemu moja hiyo asidi ya uriki ikaonekana imezidi kidogo, akaambiwa gauti, acha nyama, acha maharage, acha dagaa, acha nyanya. Mwaka mzima. Mtu wa Tanga asiyekula maharage wala dagaa anakula nini, alikonda akawa anakula wali na kabichi. Mwanamke ambaye bado anaona siku zake jongo kwake ni nadra, alafu jongo haliendi vifundo kumi kwa pamoja kila asubuhi. Kipimo kimoja kilichozidi kidogo kikamfanya mtu aache kumwangalia mgonjwa aliyekaa mbele yake.

Cha tatu kinaniumiza zaidi, sababu mimi ndo nilimletea. Kuna mtu alikua anauza dawa ya unga, kwenye pakti, anasema ni mizizi mitupu. Kijiko kimoja kwenye uji. Siku ya tatu shangazi akakunja ngumi! Alinipigia simu analia, mwanangu Mungu akupe, leo nimekanda kwa mikono. Miezi mitano alikua mzima. Akaanza kula sana, uso ukajaa ukawa wa duara, watu wanasema kanawiri, presha ikapanda, ngozi ya mikono ikawa nyepesi akijigonga kidogo tu anavilia damu. Alafu yule muuzaji akapotea, simu haipatikani, dawa ikaisha. Wiki moja baadae shangazi hawezi kunyanyuka kitandani, anatapika, presha imeshuka mpaka manesi wanaongea kwa haraka. Daktari akauliza alikua anatumia nini, nikamwonyesha pakti tupu. Akaangalia uso wake akasema nashuku kuna steroidi humu. Hizo ni dawa kali za kutuliza uvimbe, jamii ya predinisoloni, zinasagwa zinachanganywa kwenye unga mtu anadhani mti shamba. Mwili una tezi zake juu ya figo zinazotengeneza kitu kama hicho, ukiupa kutoka nje kwa muda mrefu zinalala, ukikata ghafla hazijaamka bado na mtu anaweza kufa. Mimi nilidhani namletea nafuu.

Na sio kwamba steroidi ni sumu, hapa nataka nieleweke. Mwaka 1948 pale Mayo Clinic Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa kotisoni, ambayo ni steroidi, mwanamke mwenye ugonjwa huuhuu wa shangazi, alikua hajiwezi kabisa, na ndani ya siku chache akatembea. 1950 Hench akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Lakini walipoanza kuwapa watu kwa muda mrefu ndo yakaonekana hayohayo, uso wa duara, sukari, mifupa kuwa dhaifu. Kwahiyo alichokipata shangazi kwenye uji ni kitu ambacho dunia ilishakijua faida yake na hasara yake muda mrefu, ila yeye alipewa bila kuambiwa jina.

Baada ya hapo ndo tukaenda Dar, kwa daktari wa viungo, basi la asubuhi. Ile safari nayo ni kisa, kukaa masaa sita magoti yamekunjwa, tuliposhuka alisimama kwenye ngazi za basi kama dakika tano watu nyuma wanagomba, nikawaambia subirini. Daktari alikua mama mmoja mtaratibu. Akamshika mikono, akaibana kidogo kwa pembeni pale kwenye vifundo, shangazi akashtuka. Alafu akauliza swali ambalo miaka mitatu hakuna aliyeliuliza.

"Mama, ukiamka mikono inakaza mpaka saa ngapi?"

Shangazi akasema, "Mpaka jua lifike kwenye kibaraza."

Daktari akanigeukia mimi, jua linafika kibarazani saa ngapi? Nikasema saa tatu na nusu, nne. Na anaamka saa tisa na nusu usiku. Daktari akaandika masaa sita. Akasema ikipita saa moja tu sisi tunashtuka. Akaeleza kwamba usiku homoni ya mwili inayotuliza uvimbe inashuka, na zile kemikali za uvimbe zinapanda zaidi kuelekea alfajiri, kwahiyo saa ambayo wewe unakanda unga ndo saa ambayo ugonjwa uko juu kabisa. Shangazi alinyamaza, alafu akasema kwa sauti ndogo, "Kwahiyo sijidekezi." Hakua anauliza.

Vipimo vikafanyika, cha damu kinachoitwa rumatoidi fakta, kinachotafuta wale askari wa kinga waliokosea adui, kikawa chanya, cha kuangalia uvimbe mwilini kiko juu, kingine cha kutafuta hivyohivyo kinaitwa anti CCP nacho chanya, na picha ya mikono ikaonyesha pembeni ya vifundo viwili mfupa umeng'atwa kama panya kapita. Daktari alisisitiza kwamba kile cha kwanza peke yake hakitoshi, kuna watu wana ugonjwa na kipimo kinatoka hasi, na kuna watu kipimo chanya na hawana ugonjwa, ndo mana alianza na mikono na lile swali. Kabla ya dawa akapima ini, figo, wingi wa damu, homa ya ini, virusi vya ukimwi, picha ya kifua, na akauliza kuhusu mimba, sababu dawa anayotaka kumpa inaharibu mimba, kabisa. Shangazi ana miaka 40 na kitu akaona haya kujibu mbele yangu nikatoka nje.

Dawa inaitwa methotrekseti. Zamani ilianzia kwenye saratani kwa dozi kubwa, kwa ugonjwa huu inatolewa kidogo, mara moja kwa wiki. Naomba nirudie, mara moja kwa wiki. Yeye alianzishiwa miligramu 10, yani vidonge vinne vya 2.5, siku moja, na vitamini ya foliki asidi siku nyingine kupunguza madhara. Daktari alieleza vizuri. Lakini hospitali ile dirishani dawa ilikua imeisha, tukanunua nje, na bahasha ikaandikwa kwa peni 4x1.

Mtu yeyote Tanzania anajua kuisoma hiyo. 1x3 ni kimoja mara tatu kwa siku. 4x1 basi ni vinne mara moja kwa siku. Neno wiki halikuandikwa popote. Tumefika Tanga usiku, Jumamosi akameza vinne, Jumapili jioni nimepita kumsalimia nakuta kashamimina vinne vingine kwenye kiganja na glasi ya maji iko mkononi. Nikamshika mkono kwa nguvu mpaka akalia, nilisahau kwamba mikono ile haishikwi. Dawa hii ikimezwa kila siku inaua uboho unaotengeneza damu, midomo inatoka vidonda, watu wanakufa nayo kwenye nchi zenye mahospitali makubwa kuliko yetu. Usiku ule nilichukua maka peni nikaandika JUMAMOSI kwenye bahasha kwa herufi kubwa, alafu nikaandika na kwenye ukuta juu ya kabati, bado iko. Kama kuna mtu wako anatumia dawa hii hebu kaangalie bahasha yake leo.

Jumamosi tuliichagua sababu Jumapili hauzi. Siku ya pili yake anakua na kichefuchefu na kichwa kizito, kwahiyo bora imkute amepumzika. Na dawa haiji na miujiza kama ule unga. Wiki ya nne akasema dawa imekataa, naacha. Nilishaambiwa na daktari kwamba wiki 6 mpaka 12 ndo mtu anaanza kuona, na kwa kipindi hicho alimpa predinisoloni kidogo, dozi ya chini, ya kupungua kila baada ya muda kwa maandishi. Shangazi alipojua ni ndugu wa kilichokua kwenye pakti alikataa siku mbili. Nikamwelewa. Nikampigia daktari akaongea naye mwenyewe, akamwambia mama, kisu ni kilekile, tofauti ni kukatiwa gizani na kukatiwa mchana. Akakubali.

Wiki ya tisa alikunja vidole vikagusa kiganja, sio ngumi, ila vimegusa. Hakunipigia simu analia safari hii. Aliniambia tu wakati wa kuaga, hebu angalia, akanionyesha, akafunika na kanga.

Sasa sehemu ambayo naiona muhimu kuliko hata vidonge ni nyumba ilivyobadilika. Unga ukahamia usiku. Anakanda saa mbili na nusu za usiku wakati mikono iko vizuri, au binti yake anakanda yeye anaelekeza, hamira wanatia kidogo sana, beseni linafunikwa mpaka alfajiri linaumuka taratibu. Alfajiri kazi ni kukata na kukaanga tu. Ilichukua kama wiki tatu kupata kipimo cha hamira, maandazi ya siku za mwanzo yalikua machachu na watu wa bajaji wakasema wazi. Sasaivi wanasema yamekua laini kuliko zamani. Chapati aliziacha, kusukuma kunataka vifundo vya mikono ambavyo hana tena, na hapo alipoteza hela kweli, chapati ndo zilikua na faida. Akaweka chai ya tangawizi badala yake.

Akiamka anaweka mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10, anafungua anafunga, anafungua anafunga. Mwiko wa kugeuzia na kijiti cha kukorogea chai nimevizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli vikawa vinene, mkono hauhitaji kukunja sana kushika. Ndoo ya lita 20 marufuku, maji anateka na jagi. Sufuria anabeba kwa viganja viwili chini, sio kwa vidole kwenye masikio. Nazi hakuni tena kwenye mbuzi, anapeleka sokoni kwenye mashine, na tui anakamua mtoto. Nguo hazikamuliwi, zinaanikwa zinachuruzika, Tanga jua lipo. Chooni tukaweka kiti cha plastiki tulichokitoboa, maana kuchuchumaa na kunyanyuka ilikua ndo vita yake kubwa ambayo alikua hamwambii mtu, alikua anapunguza kunywa maji ili asiende. Hilo alimwambia binti yake, sio mimi, na ni sawa. Sala anaswali kwenye kiti, mwanzo alikua anaona haya akiwa na wenzie, sheikh wa mtaa akamwambia dini haikumtaka aumie, akatulia.

Na uchovu. Watu wanaelewa maumivu, uchovu wa ugonjwa huu hawauelewi, sio usingizi, ni kama mtu anaumwa malaria kila siku bila homa. Saa saba mchana analala, simu inazimwa, na nimewaambia watoto wa ndugu wote anayemwamsha atajibu kwangu.

Kitu kilichokua kigumu kuliko vyote sio nyumbani, ni kwenye shughuli. Kwetu mwanamke anajulikana kwenye shughuli kwa mikono yake. Kumenya vitunguu gunia zima, kukatakata nyama, kuchambua mchele, kuosha masufuria. Yeye alikua wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka, na alipoanza kukaa kwenye mkeka mikono ndani ya kanga wenzie wakasema anajitenga, kapata hela za maandazi. Akaacha kwenda. Miezi mingi hakwenda harusi wala msiba, na mi naamini hicho ndo kipindi alichokaribia kukata tamaa, sio kipindi cha kidonda cha tumbo. Mpaka kulikua na arobaini ya jirani, mama mmoja mtu mzima akamfata mpaka mlangoni akamwambia, "Mikono tunayo, ulimi wa kuonja hatuna. Njoo ukae jikoni." Akaenda. Wakamwekea kiti karibu na masufuria ya pilau, wanamletea kwenye kijiko, anasema chumvi bado, anasema bizari imezidi ongezeni maji. Toka siku hiyo ndo kazi yake kila shughuli ya mtaa. Hakuna daktari angeweza kuandika dawa hiyo.

Hali ilivyo sasaivi. Kukakamaa asubuhi ni dakika 20 au 30 siku nzuri. Kuna siku ugonjwa unaamka, yeye anasema hivyohivyo, "leo umeamka", basi binti anachukua biashara na yeye anakaa. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimepinda kuelekea upande wa kidole kidogo na havitarudi, mfupa ulioliwa ile miaka mitatu haurudishwi na kidonge. Kila miezi mitatu anapima damu na ini na figo. Dikilofenaki hagusi tena, maumivu yakizidi ni parasitamo. Akipata homa au vidonda mdomoni anasimamisha ya Jumamosi na kunipigia kabla ya kitu chochote, hilo tulilifundishwa na tunalishika.

Ramadhani iliyopita dawa ilikosekana mjini wiki tatu. Wiki ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu, tukaanza kusema labda kapona. Wiki ya tatu alfajiri ya daku binti yake kamkuta anasukuma sufuria la uji na kiwiko. Nikatuma mtu Dar, dawa ikaja na basi jioni ileile, na toka hapo tunaweka akiba ya mwezi mmoja mbele kwenye kikopo cha iliki, pamoja na pete.

Mwezi ujao tunarudi kwa daktari, anataka kuangalia kama aongeze dawa ya pili, haidroksiklorokwini, na akianza hiyo itabidi na macho yawe yanapimwa. Shangazi ameshauliza itakua siku gani ya wiki. Nimemwambia hiyo ni ya kila siku, akaniangalia sana, akasema basi iandike ukutani mwanangu, upande wa pili, zisikae pamoja.